Kuiweka Simu Sawasawa: Mwanga, Betri na Mahali

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wanafunzi wenzangu, muhula unakaribia kwisha, na kila mmoja wetu ajua kazi inayomngoja nyumbani. Hata begi hujalitua, mara mama anakuletea simu: "Mwanangu, hebu itazame hii, inakula chaji kama nini." Jirani naye anakuja na ya kwake. Kwa wazee wetu mtu aliyesoma mpaka Kidato cha Nne hapana budi awe fundi wa simu, na ukisema hujui wanadhani unaringa. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike machache juu ya mambo matatu yanayosumbua watu wengi: mwanga wa kioo, betri, na ile habari ya simu kuwaambia wengine mahali ulipo. Hili la tatu ndilo nitakalolieleza kwa kirefu, na mtaona sababu.

Pengine mtu atauliza nimejifunzia wapi, maana sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu. Amri hiyo sitaki kuigusa katika gazeti hili. Mengi nilijifunza kwa simu za nyumbani wakati wa likizo, na mengine kwa kishikwambi cha mwalimu wetu wa Jiografia. Mtakumbuka kwamba Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya kazi hiyo Serikali ikavigawa kwa walimu. Kishikwambi na simu janja ni ndugu. Ukikijua kimoja, cha pili hakikushindi.

Neno la kwanza ni lugha. Simu nyingi za Android zinakijua Kiswahili, lakini zinauzwa zikiwa zimewekwa Kiingereza, na mzee anaitumia miaka mitatu bila kuelewa inamwambia nini. Gusa alama ya gurudumu lenye meno, ambayo ndiyo Mipangilio, tafuta palipoandikwa lugha, uchague Kiswahili. Tangu hapo mwenye simu ataweza kusoma mwenyewe. Majina nitakayotaja hapa ni yale ya simu hizo, ila kila kiwanda kina desturi yake, kwa hiyo msishangae mkikuta neno limehamishwa mahali au limeitwa jina jingine kidogo.

Sasa tuje kwenye kioo. Katika simu, kioo ni miongoni mwa vitu vinavyokula umeme kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachotoa nuru. Watu wengi hupandisha mwanga mpaka mwisho siku wanapokuwa shambani juani, kisha wanausahau hapo usiku na mchana. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuiachia simu irekebishe mwanga yenyewe. Ina kijicho kidogo juu ya kioo kinachopima nuru ya mahali ulipo. Ya pili ni kushusha kwa mkono. Mimi napendelea ya kwanza kwa vijana na ya pili kwa wazee, maana mzee mwanga ukibadilika wenyewe anadhani simu imeharibika.

Jambo jingine ni muda wa kioo kujizima. Simu nyingi zinaweza kuwekwa sekunde 15, 30, dakika 1 na kuendelea. Sekunde 30 zinatosha. Ukikuta imewekwa dakika 10, hapo umekwisha kupata mwizi wa kwanza wa chaji. Halafu kuna mandhari meusi, ambayo watu husifu bila kuyaelewa. Yanaokoa umeme katika simu zenye kioo cha aina ya OLED, ambamo kila kitone hutoa nuru yake chenyewe, na penye weusi kitone kimezimwa. Lakini simu nyingi za bei nafuu zina kioo cha LCD, ambacho taa yake iko nyuma na inawaka vile vile hata ukitazama weusi mtupu. Katika simu hizo mandhari meusi yatakupumzisha macho usiku, betri haitaona tofauti. Na msisahau ukubwa wa maandishi! Nimewaona wazee wakipandisha mwanga kumbe shida yao ni herufi ndogo. Kuza herufi kwanza, kisha ushushe mwanga, mzee atakushukuru mara mbili.

Juu ya betri, tukumbuke somo letu la Fizikia. Betri iliyoandikwa 5000 mAh ni sawa na tangi lenye ujazo huo. Tuseme simu inavuta mkondo wa miliampea 250 kwa wastani. Gawanya, utapata saa 20. Ikivuta 500, utapata saa 10. Kazi yetu basi ni kuupunguza mkondo, na ili kuupunguza yatupasa tujue unakwenda wapi. Ndani ya Mipangilio, chini ya neno Betri, simu yenyewe inaonyesha programu ipi imekula asilimia ngapi. Tazama hapo kabla hujafanya lolote. Mtu anayefuta programu ovyo bila kutazama hesabu hiyo ni kama mkulima anayepiga dawa shamba zima kwa sababu ameona jani moja la njano.

Sisi wa Karatu na Ngorongoro tuna maadui wawili wa betri ambao wenzetu wa mijini hawawajui sana. Wa kwanza ni mtandao hafifu. Simu ikiwa mbali na mnara, au mlima ukiwa katikati, haikati tamaa; inapandisha nguvu ya sauti yake, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Umeme unaoisha kwa kelele hizo ni mwingi, na mwenye simu haoni kitu kwa kuwa kioo kimezimwa. Ndiyo maana simu iliyokuwa ikimaliza siku mbili pale Karatu mjini inaweza kuzima kabla ya jioni ukishuka nayo makorongoni. Adui wa pili ni baridi. Betri ya lithiamu ikipoa, mambo yanayopita ndani yake huenda polepole, nayo hushindwa kutoa umeme wake wote. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu unaposhuka kutoka kingo za kreta, ambako ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, usiiache simu katika mfuko wa nje wa koti. Itie ndani, karibu na mwili. Chaji iliyofichwa na baridi hurudi kiasi simu ikipata joto.

Kisha kuna kitu kiitwacho Kiokoa Betri. Ukikiwasha, simu inapunguza kazi zake za siri: haipokei baadhi ya habari mpaka uifungue, mwendo wake unapungua, na katika simu nyingi kazi ya kutafuta mahali inasimama kioo kinapozimwa. Shikeni neno hilo la mwisho.

Watu wengi hudhani kwamba mahali ulipo hujulikana kwa intaneti. Sivyo hasa. Angani, yapata kilomita 20,200 juu yetu, zinazunguka setilaiti za GPS zisizopungua 24, kila moja ikiizunguka dunia mara mbili kwa siku. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mwaka 1995 mtambo mzima ukatangazwa kuwa tayari. Ni mali ya Marekani. Urusi, Ulaya na China nazo zina za kwao, na simu za sasa husikiliza za wote. Nasema husikiliza, maana simu haitumi chochote huko juu. Setilaiti hutangaza saa yake kamili na mahali ilipo. Simu inapima tangazo limechelewa kiasi gani, na kwa kuwa mawimbi hayo huenda kilomita kama 300,000 kwa sekunde, inapata umbali. Ikipata umbali wa setilaiti nne, imekwisha jua ilipo. Kwa hiyo GPS hufanya kazi hata pasipo mtandao wala bando. Kinachohitaji mtandao ni kumpelekea mtu mwingine habari hiyo. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na mtu asiyeyatenganisha anaweza kupata shida porini.

Nitawapa mfano wa nyumbani kwetu, upande wa Rhotia, karibu na mpaka wa msitu wa Ngorongoro. Wakati wa likizo moja ya mwezi wa sita, babu yangu alitoka saa kumi alasiri kumfuata mtamba aliyepotea. Shangazi alikuwa amemnunulia simu janja, na kabla hajatoka nilimwomba anishirikishe mahali alipo kwa muda wa saa 8 kupitia WhatsApp, kwenye simu ya mama. Babu alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, unanifunga kengele kama mbuzi." Lakini alikubali.

Giza likaingia, na ukungu pamoja nalo. Saa mbili usiku babu hakurudi. Tulipompigia, simu iliita mara moja, tukasikia maneno machache tu: ameteguka mguu, yuko korongoni. Ikakatika. Makorongo ya upande ule ni mengi, na tembo na nyati hutoka msituni usiku kuingia mashambani. Mjomba na majirani wakachukua tochi wakitaka kwenda pale kilipoonekana kidoti cha babu katika ramani.

Nilipokitazama kidoti kile niliona maandishi madogo chini yake yakisema kilisasishwa saa 12:10 jioni. Yaani kilikuwa kimesimama kwa muda wa saa mbili, na mtu aliyemfuata mtamba hasimami. Fundi aliyeuza simu ile alikuwa ameiweka Kiokoa Betri kijiwashe chenyewe chaji ikifika asilimia 20. Kwa nia njema, bila shaka. Simu ikahifadhi chaji yake vizuri sana, na mahali ikaacha kuhesabu. Tungekwenda pale tungekuta nyasi tupu.

Lililotufaa ni ujumbe mfupi wa kawaida, ule wa SMS. Ujumbe huo ni mdogo mno, nao huweza kupenya mahali ambapo sauti inakatika na intaneti haipo kabisa. Programu ya dira katika simu nyingi huonyesha latitudo na longitudo chini ya mshale, na Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimemwekea babu dira hiyo katika ukurasa wa kwanza nikamwonyesha namba zake. Nilimwandikia: "Babu, fungua dira. Nitumie namba mbili za chini." Ujumbe wetu ulikwenda, na baada ya muda uliotuonea kama usiku mzima, jibu likaja. Namba zilikuwa kamili, na alama ya kutoa mbele ya ile ya kwanza.

Hapa ndipo Jiografia inapokuwa na faida nje ya mtihani. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Latitudo ya babu ilipungukiwa na ile ya kidoti kwa 0.0120. Zidisha kwa 111, utapata kilomita 1.3 na kidogo. Nasi tuko kusini ya Ikweta, kwa hiyo namba ya kusini ikipungua maana yake umekwenda kaskazini, yaani kwetu ni kupanda kuelekea msituni. Longitudo ilikuwa karibu ile ile. Basi alikuwa korongo jingine kabisa, la juu. Mjomba aliandika namba zile katika ramani niliyokuwa nimeipakua mapema kwenye simu ya mama, tukafuata. Njiani tulisikia matawi yakivunjwa upande wa kulia. Hatukuuliza ni nani. Babu tulimpata saa tano usiku, ameketi chini ya jiwe, ametetemeka kwa baridi, simu imebaki asilimia 6 ndani ya shati lake. Mtamba alikuwa amekwisha rudi nyumbani peke yake.

Kutokana na habari hiyo nawaomba mshike mambo haya mnapomwekea simu mtu anayekwenda mbali. Programu ile ya kushirikisha mahali iondolewe katika vizuizi vya betri. Ukibonyeza jina lake kwa muda na kufungua maelezo yake, utaona neno Betri, hapo uchague isiwekewe vizuizi. Na ruhusa yake ya Mahali katika safari ya namna hiyo iwe ya wakati wote. Chaji kwa siku hiyo itaokolewa kwingine, kwenye kioo, na kwa kuzima Bluetooth na vitu vinavyojisasisha vyenyewe. Mwenye simu ajifunze kutuma namba kwa SMS angali nyumbani, mchana, akiwa hana hofu. Na namba ziandikwe na tarakimu nne baada ya nukta, kwa maana tarakimu ya nne ni kama mita 11, lakini ukiishia tarakimu mbili umemwacha mtu atafutwe katika eneo la zaidi ya kilomita nzima.

Ile alama ya kutoa nayo si urembo. Karatu iko kama nyuzi 3.3 kusini na 35.7 mashariki, na katika simu kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Mkiisahau, ramani itawapeleka nyuzi 3.3 kaskazini, yaani Turkana nchini Kenya, si mbali na mji wa Lodwar, kiasi cha kilomita 730 kutoka hapa. Mwenzetu mmoja darasani alifanya hivyo katika kishikwambi, na mpaka leo tunamwita Mturkana.

Wengine hushauri kwamba aliyepotea aweke simu katika Hali ya Ndegeni ili kuhifadhi chaji. Kweli simu itaacha kupiga kelele kuutafuta mnara, na katika simu nyingi za sasa GPS itaendelea kusikiliza. Lakini wanaokutafuta hawatakupata. Mimi naona jambo hili lifanywe iwapo tu mmekwisha patana saa, kwa mfano kuiwasha kila nusu saa kwa dakika tano. Kama hamkupatana, acha simu iwake, shusha mwanga hadi mwisho, na usiitumie kama tochi.

Nimesema habari za kupatikana. Sasa niseme habari za kutotaka kupatikana, maana kidoti kile kile kilichotuonyesha njia ya babu kinaweza kumdhuru mtu. Namjua dada mmoja aliyeshangaa kwamba mchumba wake wa zamani alikuwa akijua kila anapokwenda, sokoni, kanisani, hata kwa rafiki yake. Hakuna aliyemsimulia. Simu yake ilikuwa imeshirikishwa kwake siku walipokuwa wakipendana, na katika ramani walichagua ushirikiano uendelee mpaka uzimwe. Uchumba ukafa, kidoti kikabaki hai. WhatsApp afadhali huuliza muda, dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha hukoma yenyewe. Programu nyingine zina uchaguzi usio na mwisho. Usiuchague huo, hata kwa mtu unayempenda.

Kwa hiyo mkiishika simu ya dada au mama, ingieni Mipangilio, kisha Mahali, mtazame orodha ya programu zenye ruhusa. Kuna ruhusa za namna nne: wakati wote, wakati wa kuitumia tu, kuuliza kila mara, na kutoruhusu. Ramani yafaa iwe wakati wa kuitumia. Michezo na tochi zisiruhusiwe kabisa. Tochi yataka kujua nilipo kwa sababu gani? Nchini mwetu iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inazibana taasisi zinazokusanya habari zetu. Lakini sheria haiwezi kuingia katika simu ya mama na kugusa "usiruhusu" kwa niaba yake.

Mwisho ni juu ya picha, na hili ni la wilaya zetu hizi mbili hasa, kwa kuwa ndugu zetu wengi ni madereva na waongozaji wa watalii. Kamera ya simu huweza kuandika ndani ya picha latitudo na longitudo ya mahali ilipopigwa. Huoni kitu ukitazama picha, lakini ajuaye kufungua maelezo yake atazisoma namba kama nilivyozisoma za babu. Katika miaka ya 1960 faru weusi wa Kreta ya Ngorongoro walizidi 100. Kwa ajili ya ujangili, katika miaka ya 1990 walibaki chini ya 20, na kuwaongeza tena imekuwa kazi ngumu ya askari wa hifadhi. Picha ya faru yenye namba hizo, ikipita mikononi mwa watu wengi, ni ramani kwa jangili asiyetaka kusumbuka. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kawaida namba huondolewa. Ikitumwa kama hati, hubaki. Basi fungua kamera, ingia katika mipangilio yake, tafuta palipoandikwa kuhifadhi mahali, uzime. Picha zilizopigwa kabla ya hapo zitabaki na namba zake mpaka uzifute moja moja.